Jumba la Baba wa Zawadi: Kilwa inatufundisha nini juu ya pesa ya msaada

*Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya komite katika mkutano mkuu wa wanachama. Tunayachapa hapa kwa ombi la wale wenye hawakuweza kufika, na kwa ajili ya wafadhili wetu wanaosoma gazeti letu.*



Mnajua sababu ya kukutana leo. Kuna barua. Rafiki mmoja wa shirika letu ametuandikia kutuuliza kama tunataka kuomba pesa ya kutengeneza lile ghala la zamani la pamba, kule karibu na ziwa. Ile pesa iko katika mfuko wa kulinda majengo ya kale. Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Barua iliposomwa mara ya kwanza, mlisimama wengi. Mama mmoja aliuliza: "Nyumba yangu inavuja, na wao wanataka kuezeka ghala lenye hakuna mtu anakaa ndani?" Watu walipiga makofi. Kijana mmoja akajibu kwamba makuta ni makuta, tuchukue tu. Na yeye alipigiwa makofi.

Komite haikutaka kujibu siku ile. Tulisema tutatafuta mfano wa fasi ingine ambako pesa ya nchi za kigeni ilitengeneza jumba la kale, tuone ilikwenda namna gani, kisha tuzungumze. Mfano tumeupata, na hauko mbali na maisha yetu. Uko Tanzania, nchi yenye ilitupokea tulipokimbia. Wengi wetu tulikaa miaka mingi Nyarugusu au Lugufu, lakini hatukufika pwani. Basi leo tutafika kwa maneno.

Kilwa ni wapi

Kwanza tuelewane. Ndugu wenye mmetokea Katanga, Kilwa tunayosema si ile ya ziwa Mweru. Hii ni Kilwa Kisiwani, kisiwa kidogo katika bahari ya Hindi, kusini mwa Tanzania, mkoa wa Lindi. Unafika Kilwa Masoko, unapanda mashua, unavuka. Leo wakaaji wake ni wavuvi na wakulima. Lakini miaka 700 iliyopita ulikuwa mji mkubwa. Dhahabu iliyochimbwa huko ndani, upande wa Zimbabwe ya leo, ilishuka mpaka bandari ya Sofala, na Sofala ilikuwa chini ya mkono wa Kilwa. Pembe za ndovu zilipita pale. Vitambaa na vyombo vya udongo vilikuja kutoka Uarabuni, Uajemi, India, mpaka China. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, na sarafu moja yenye jina la sultani tutakayemtaja sasa iliokotwa Great Zimbabwe, mbali sana na bahari.

Sultani huyo ni al-Hasan bin Sulaiman. Mwanzoni mwa karne ya 14 alijenga jumba juu ya genge linalotazama bahari, nje ya mji. Watu wa pale wanaliita Husuni Kubwa. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100. Lilikuwa na ua wa kupokea wageni wenye ngazi za kukaa, ua mkubwa wa bidhaa, na birika la kuogea la pembe nane lililochimbwa katikati ya jumba. Yote kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wataalamu wanasema ni moja ya majengo makubwa kabisa yaliyojengwa wakati ule kusini mwa jangwa la Sahara.

Na halikumalizika. Sehemu zingine hazikukamilika kamwe. Halikukaliwa muda mrefu, kisha likaachwa.

Baba wa Zawadi na ndugu yake

Sasa sikilizeni hii, sababu inatuhusu. Mwaka wa 1331 msafiri kutoka Moroko, Ibn Battuta, alifika Kilwa akamkuta sultani huyu. Ameandika kwamba watu walimpa jina la Abu'l-Mawahib, maana yake Baba wa Zawadi. Alikuwa mtu wa kutoa. Ibn Battuta anasimulia maskini mmoja kutoka Yemeni aliyemkuta sultani akitoka msikitini siku ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akavua, akampa zote. Watu walipomsifu, akaongeza zawadi zingine juu yake: watumwa na pembe za ndovu.

Mmesikia neno hilo: watumwa. Msafiri yule yule anaeleza kwamba sultani alikuwa akienda kuvamia watu wa bara, akarudi na mateka na mali, na katika mali hiyo alitenga fungu la kutoa. Kwa hiyo ukarimu wake ulikuwa wa kweli, na mali ya ukarimu wake ilitoka kwa watu wenye hawakuulizwa. Mambo mawili, mtu mmoja. Tusisahau hata moja.

Kisha sultani akafa. Akamfuata ndugu yake, Daudi. Na Daudi, asema Ibn Battuta, alikuwa wa namna ingine kabisa. Mwombaji akija, alimwambia kwamba yule aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutoa baada yake. Waombaji walikaa mlangoni miezi mingi, mwishoni wakapata kidogo sana. Polepole wakaacha kuja.

Ndugu zetu, kuna mtu humu ndani asiyemjua Daudi? Sisi tumepanga mstari mbele ya mlango wake. Tuliporudi nyumbani, kuanzia 2005, meli zilitushusha hapa kando ya ziwa tukiwa na turubai, majembe, sufuria na chakula cha kuanzia. Wakati ule Baba wa Zawadi alikuwa hai. Magari meupe yalikuwa kila fasi. Kisha mwaka baada ya mwaka magari yalipungua, biro zilifungwa, na ukiuliza unaambiwa projeti imeisha. Na 2025 tuliona jambo kubwa zaidi. Mwezi wa kwanza serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Waliokuwa wanangoja dawa, waliokuwa wanangoja chakula, waliambiwa neno la Daudi.

Pesa ya wageni ilifanya nini Kilwa

Turudi kwenye jumba. Miaka mamia ilipita. Mwaka wa 1505 Wareno walikuja na merikebu zao, wakaipora Kilwa. Baadaye mji uliinuka, ukashuka tena. Katika karne ya 18 ulikuwa bandari ya kuuza watu. Mwaka wa 1776 Mfaransa mmoja, jina lake Morice, alipatana na sultani wa wakati ule kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao walitolewa bara na kupelekwa visiwa vya mashamba ya miwa. Basi anayesema mawe ya Kilwa ni fahari tupu hajasikia habari yote. Mawe yale yameona mengi.

Husuni Kubwa ilibaki na miti. Mzizi wa mti ukiingia katika ufa wa ukuta hauna haraka. Unanenepa kidogo kila mwaka, na siku moja ukuta unafunguka. Mvua inashuka juu ya genge, inakula ukingo wake upande wa mashariki, na jumba liko juu ya ukingo ule. Chini, mawimbi yanapiga. Zamani mikoko ilivunja nguvu ya mawimbi. Mikoko ikikatwa, bahari inagonga nchi kavu moja kwa moja.

Mwaka wa 1981 UNESCO iliandika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisiwa cha jirani, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni heshima kubwa. Lakini heshima haing'oi mti ukutani. Mwaka wa 2004 magofu yale yaliwekwa katika orodha ingine, ile ya urithi ulio hatarini. Ndipo pesa ya nje ilipokuja kwa nguvu. Ufaransa na Japani zilisaidia kupitia UNESCO. Kuanzia 2011 ikaja pesa ya serikali ya Marekani, kutoka mfuko wa mabalozi wa kulinda urithi, ikitumiwa pamoja na shirika la World Monuments Fund na idara ya mambo ya kale ya Tanzania. Mwaka wa 2014 magofu yaliondolewa katika orodha ya hatari. Hesabuni wenyewe: miaka 33 tangu kupewa heshima, 10 tangu kupiga kelele.

Pesa ile ilifanya kazi gani? Kusafisha miti na majani. Kushikiza kuta zilizokuwa zinaanguka. Kuweka vizuizi vya mawe fasi ambako bahari inakula nchi. Kupanda mikoko tena. Na wakaaji wa kisiwa walifundishwa kazi ya kutunza kuta, wakatumika kwa mshahara. Hakuna mtu aliyejenga jumba jipya la sultani. Hiyo ni jambo la kuelewa vizuri: kutengeneza gofu si kulirudisha kuwa jumba. Ni kulizuia lisianguke zaidi, ili anayekuja aone lililobaki.

Chokaa na simenti

Tunataka tusimame kidogo hapa, sababu wamasoni wetu walioko humu watatuelewa mbele ya wengine.

Ukuta wa Kilwa ni jiwe la matumbawe lililoshikwa na chokaa. Chokaa hiyo watu wa pwani waliifanya wenyewe: wanapanga magogo, wanaweka matumbawe juu, wanachoma, kisha yale mawe yaliyoungua yanamwagiwa maji au yanaachwa yanyeshewe mvua mpaka yawe unga laini. Ukuta wa namna hiyo unapumua. Maji ya mvua na chumvi ya bahari vikiingia, vinapata njia ya kutoka.

Sasa mtu anakuja na nia njema, na simenti. Anaziba ufa. Simenti ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Mwaka wa kwanza unapendeza. Lakini maji yaliyoko ndani hayapati pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya simenti, na jiwe laini linaanza kubomoka kuzunguka kiraka. Kiraka kinabaki kizima na ukuta unakufa. Ndiyo maana wataalamu wa majengo ya kale wanasema ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa, hata kama simenti iko karibu na ni nyepesi kupata.

Na sisi tumeona misaada ya simenti. Tumeona bomba la maji lenye mashine nzuri, kipande kimoja kikavunjika, na kile kipande hakiuzwi hapa, wala Uvira, wala Kigoma. Bomba limesimama mpaka leo, rangi yake bado inang'aa, na wamama wanarudi mtoni. Msaada ulikuwa mgumu kuliko maisha yetu. Haukuweza kupumua pamoja nasi.

Je, ni haki kutoa pesa kwa mawe?

Turudi kwa swali la yule mama, sababu ni swali la haki na hatutalikimbia. Nyumba ya mjane inavuja. Kwa nini ukuta wa mfalme utengenezwe kwanza?

Jibu la kwanza ni la mifuko. Nchi za nje zina mifuko mingi na kila mmoja una mlango wake. Ule mfuko wa mabalozi wa Marekani ulianzishwa 2001 kwa kazi ya urithi peke yake. Kilwa ingekataa ile pesa, isingegeuka kuwa zahanati ya Kilwa. Ingekwenda kwa gofu lingine, katika nchi ingine. Hivyo hivyo na barua yetu. Tukisema hapana, ile pesa haitaezeka nyumba ya mtu hapa. Tunaweza kukasirika kwamba mifuko imepangwa hivyo, na tunaweza kuwaambia wafadhili kwamba imepangwa vibaya. Tunawaambia leo, na tunaomba wasome mara mbili: mtu anayerudi kutoka ukimbizini anahitaji paa kabla ya ukumbusho. Lakini hasira ya kukataa haibadilishi mpango wa mifuko.

Jibu la pili ni la mikono. Pesa ya ukuta inapita wapi? Ikiwa inalipa mtaalamu wa ndege, hoteli yake na gari lake, kisha kibao chenye bendera, basi yule mama ana haki kabisa. Ikiwa inalipa mwenye kuchoma chokaa, mwenye kubeba mawe, fundi, mpishi wa mafundi, mwenye mashua, basi ile pesa inaingia jikoni, na nyumba inayovuja inaweza kuezekwa kwa mshahara wa mwenye nyumba. Jiwe ni lile lile. Tofauti iko kwenye daftari la malipo.

Jibu la tatu ni gumu zaidi. Kwa nini mtoto wetu ajue lile ghala? Wazee wenye walizaliwa wakati wa Wabelgiji wanakumbuka: pamba haikuwa biashara ya kupenda. Ulipimiwa shamba, ulilazimishwa kulima, ulibeba mzigo mpaka pale, ulipewa bei yenye hukuipanga. Usipolima, fimbo au gereza. Kuna mwanachama alisema ghala lile libomolewe, ni nyumba ya aibu. Tunamheshimu. Lakini tuangalie Kilwa. Pale sultani alitoa zawadi, pale watu waliuzwa, na kuta ndizo zinazomlazimisha mgeni kuuliza habari zote mbili. Ukuta ukianguka, wa kwanza kusahaulika ni mtu aliyebeba mawe. Jina la sultani limeandikwa kwenye sarafu. La mbebaji halikuandikwa popote. Na sisi wenyewe tulipokimbia tuliacha makaratasi, picha, makaburi. Tunajua ni nini kurudi mahali ukakuta pori tu, na mtoto anauliza "hapa palikuwa na nini?"

Hatusemi kwamba jibu hili linamshinda yule mama. Tunasema liwekwe kwenye mizani pamoja na lake.

Siku ya pili ya projeti

Sasa jambo lenye linatusumbua kuliko yote. Kilwa ilitoka kwenye orodha ya hatari 2014. Je, mvua iliacha kunyesha 2014? Mizizi iliacha kukua? Pale pwani majani yanaota kila masika. Ukuta uliosafishwa ukiachwa misimu michache, unaanza tena safari ile ile. Kazi kubwa ya gofu ni panga la kila mwaka, ndoo ya chokaa ya kila mwaka, mtu wa kuangalia mkoko uliopandwa kama umeshika. Kazi hiyo haina sherehe. Hakuna balozi anayekuja kukata utepe wa majani yaliyofyekwa.

Tanzania imefanya jambo moja la kuangaliwa. Magofu yale leo yako chini ya mamlaka ya serikali yao wenyewe, ile ya TAWA, na mgeni anayevuka kutazama anatoa kiingilio. Ni chanzo cha nyumbani, kinaweza kuendelea siku ambayo Daudi amekaa kwenye kiti. Kinatosha au hakitoshi, wenye Kilwa ndio wanaopaswa kusema. Lakini kuna mlango ambao si wa mfadhili, na hiyo ndiyo tunataka tuige.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wafadhili wengi wanapenda kujenga ukuta. Kuziba ufa ni kazi ya mwenye nyumba.

Baba wa Zawadi mwenyewe ni ushahidi. Alikuwa na dhahabu ya Sofala, alikuwa na moyo wa kutoa, alijenga jumba la vyumba zaidi ya mia, na hakupanga nani atalitunza akifa. Jumba lake leo linasimama kwa zawadi za wageni. Sisi hatuna dhahabu. Lakini tuko na sanduku letu, tuko na likirimba zetu, tuko na salongo. Watu wenye wanaweza kuweka mchango kila juma katika sanduku lenye funguo tatu wanaweza kutunza paa.

Tunapendekeza nini

Basi komite inaleta mbele yenu jibu hili. Tusikatae, na tusikubali hivi hivi. Tuandike kwamba tunakubali kwa masharti manne. Mnaweza kuongeza, mnaweza kupunguza, kisha tutapiga kura kwa kuinua mkono.

Sharti la kwanza: ghala liwe na kazi. Upande mmoja uwe wa kuhifadhi mavuno na samaki wakavu wa wanachama, kwa malipo kidogo. Upande mwingine uwe na ukuta wa kumbukumbu: wazee wasimulie habari za pamba na za kukimbia, vijana waandike, na majina ya waliolima yawekwe. Malipo ya kuhifadhi ndiyo kiingilio chetu. Ndiyo yatanunua misumari mwaka wenye hakuna mfadhili.

Sharti la pili: vifaa viwe vya hapa. Lile ghala ni matofali ya kuchoma na paa la mabati. Tuko na udongo, tuko na wachomaji wa matofali, tuko na maseremala. Kitu chenye hakiwezi kutengenezwa na fundi wa hapa kisiwekwe, hata kama ni kizuri, hata kama ni cha bure. Na fundi mkubwa akija kutoka nje, aje na wanafunzi wawili wa kwetu pembeni yake tangu siku ya kwanza, mmoja wao akiwa msichana.

Sharti la tatu: hesabu isomwe kwa sauti. Kiasi kilichoingia, kiasi kilichokwenda kwa mshahara wa watu wa hapa, kiasi kilichokwenda kwa usafiri na biro. Isomwe hapa mkutanoni kwa Kiswahili, na karatasi ibandikwe ukutani. Tunaomba mfadhili naye atusomee upande wake. Tumechoka kusikia kwamba pesa nyingi ilitumika kwa ajili yetu, na sisi hatukuiona hata kivuli.

Sharti la nne, na hilo komite haitaliachia: kabla ya tofali la kwanza, fungu la ile pesa litengwe kwa ajili ya miaka ya mbele, liwekwe katika sanduku, na lisiguswe ila kwa kutunza jengo. Mfadhili akisema kanuni zake haziruhusu kulipa kitu chenye bado hakijavunjika, tumwambie kwa heshima kwamba kanuni hizo ndizo zimejaza nchi yetu mabomba yaliyokauka. Akikataa kabisa, tutamshukuru, tutampa chai, na tutamwacha aende kwa gofu lingine.

Na yule mama? Hatukumsahau. Komite inapendekeza kwamba katika siku za salongo za msimu huu, tuanze na nyumba zinazovuja za wajane na wazee, kabla ya barua kujibiwa, kabla ya pesa yoyote kufika. Majani ya kuezekea yako, mikono iko. Kazi hiyo haihitaji balozi.

Kwa rafiki zetu wafadhili

Neno la mwisho ni kwenu mnaosoma mkiwa mbali. Wengine kati yenu mmetoa kutoka mshahara mdogo, si kutoka hazina ya serikali. Kutoa ni moyo, tunajua, na tunawashukuru bila kuficha. Hatuwaombi muwe Baba wa Zawadi. Yeye alitoa nguo zake zote mlangoni kwa siku moja, na habari yake ilifika mpaka Moroko, lakini waombaji walibaki waombaji. Tunawaomba kidogo kuliko hapo na kigumu kuliko hapo: mkitoa, mtuulize kesho itakuwaje. Mkija kutazama, msitazame kibao tu, tazameni mfereji wa maji nyuma ya jengo kama umezibuliwa. Na siku mtakapoondoka, maana kila mfadhili huondoka, mtuambie mapema, uso kwa uso. Tunaweza kuvumilia habari ya kuondoka. Tulichoka na mlango wenye unafungwa usiku.

Na sisi wanachama, vita bado haijamalizika katika nchi yetu, na hakuna mwenye anajua mwaka ujao utaleta nini. Kuna watasema si wakati wa kufikiri juu ya ghala. Lakini ni lini ulikuwa wakati? Tulijenga nyumba za udongo Lugufu tukijua si kwetu. Hapa ni kwetu. Tujenge kama watu wenye wanakusudia kukaa.

Sasa maswali. Tutaanza na wamama, sababu wao ndio waliuliza kwanza. Kisha kura.